Kigae cha Ishirini

Kama si mgongo wa Rıza mwashi, maneno yale yangeingia ukutani na kukaa humo mpaka ukuta uanguke, na Nesrin angebeba sinia la kahawa siku ya Ijumaa kama mama yake alivyokwisha kupanga.

Lakini Jumatatu Rıza aliinua gunia la saruji kwa pupa, akabaki ameinama kama mtu aliyeangusha sindano. Jumanne asubuhi Fundi Hilmi, baba yake Nesrin, alichukua mwiko, timazi na pima maji, akasema kazi ya Bibi Müzeyyen haiwezi kungoja mgongo wa mtu. Vigae atavibandika mwenyewe. Nesrin afuatane naye kwa kuwa mchoro ni wake, na Tahsin wa tanuri aendeshe gari na kukoroga saruji.

Wakatoka mjini Kütahya watatu katika kiti kimoja cha mbele, Fundi Hilmi katikati. Nyuma, ndani ya masanduku yaliyojazwa majani makavu, kulikuwa na vigae ishirini. Vikipangwa vinne kwa upana na vitano kwenda juu, vilikuwa picha ya maporomoko ya maji.

Nesrin alitazama nje ya dirisha njia nzima. Alikuwa ameona jambo moja wakati wa kupanda gari, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyotaka kukubali: Tahsin alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mtu anayekwenda kukoroga saruji. Alijiuliza ni nani huko kwenye chemchemi za maji moto walikokuwa wakienda anayestahili shati jeupe, kisha akajiambia kwamba hayamhusu. Siku arobaini na moja zilitosha kumfundisha mtu yapi yanamhusu na yapi hayamhusu.

Hesabu hiyo ilikuwa na mwanzo wake.

Mwezi wa tano karakana ya vigae ya baba yake ilifungwa siku moja, wafanyakazi wote wakaenda kutembea mlimani. Tahsin ndiye aliyeongoza, kwa sababu alizaliwa kijiji cha huko juu na baba yake alikuwa mlinzi wa msitu. Walipanda saa tatu chini ya misonobari, wakisikia maji kabla ya kuyaona. Wengine walipofika walikaa kula mayai na jibini. Nesrin alisimama. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na saba, kumi kati ya hiyo ameimaliza akichora mistari myeusi ya maua kwenye vigae, tulipu na mawaridi yaleyale yaliyochorwa na bibi yake, na hakuwahi kuona kitu kilichomfanya asijue mkono uanzie wapi.

"Usiyatazame maji," Tahsin alimwambia, amesimama kando yake na kipande cha mkate mkononi. "Tazama jiwe lililo nyuma yake. Maji ni pale ambapo jiwe halionekani."

Wakati wa kurudi walivuka mto juu ya mawe. Tahsin alimpa mkono. Mawe yalikuwa sita, na la sita walipolifikia hakuna aliyeuachia mkono wa mwenzake upesi. Ilikuwa hivyo tu.

Nesrin alirudi akachora. Alichora miamba, magogo, majani ya kivulini na ukungu wa bluu. Maji yenyewe hakuyachora, aliyaachia weupe wa kigae. Baba yake alipoiona ile karatasi aliizunguka meza mara mbili. Akasema katika nyumba yao haujapata kutoka mchoro usio na ua, na kwamba kigae kisicho na rangi ni kumwibia mteja. Lakini Bibi Müzeyyen, mjane mwenye nyumba ya wageni kule kwenye chemchemi, aliyekuja kununua sahani tu, aliikuta karatasi mezani akaitaka kwa ukuta wa sebule yake. Fundi Hilmi hakubishana na mteja.

Kila kigae cha picha huandikwa namba nyuma, ili mbandikaji ajue mahali pake. Nesrin alizikwaruza namba zile kwa sindano yake nene ya kutobolea karatasi za michoro. Na alipofika kuziandika, mlango umefungwa na wenzake wamekwenda kula, alikwaruza kando ya kila namba neno moja. Maneno ishirini kwa vigae ishirini.

Alijua nani atayasoma. Kigae kikishamwagiwa ule uji wa kioo unaogeuka mng'aro motoni, mtu wa tanuri hukipangusa mgongo kwa sifongo yenye maji, kisinate kwenye rafu ya tanuri. Hakuna mwingine anayeutazama mgongo wa kigae. Baada ya hapo ni saruji na giza.

Tahsin alivipangusa vyote ishirini, akavipanga tanurini, akachoma. Hakusema kitu. Siku ya kwanza Nesrin alidhani ana haya. Wiki ya pili alidhani hajui kusoma, ingawa alimwona kila asubuhi na gazeti. Wiki ya nne mama yake akaleta habari za mtoto wa muuza rangi wa Bursa, kijana mwenye duka na gari, ambaye watu wake wangependa kuja Ijumaa moja kunywa kahawa ya posa. Nesrin akajibu waje.

Na hata kama Tahsin angesema, kulikuwa na baba. Miaka mitatu nyuma Tahsin aliwahi kufungua tanuri nusu siku kabla ya wakati, kwa hamu tu ya kuona kazi. Ubaridi uliingia, vigae mia moja na sitini vya msikiti vikaanza kulia ti, ti, ti, kimoja baada ya kingine, na kila mlio ulikuwa ufa. Fundi Hilmi hakumfukuza. Lakini juzijuzi mkewe alipotania kwamba yule wa tanuri siku hizi chai yake haiishi akiwa karibu na meza ya Nesrin, alijibu bila kuinua kichwa kutoka kwenye supu yake:

"Mtu aliyeshindwa kungojea tanuri nusu siku, nimpe binti wakangojeane miaka arobaini?"

Nesrin alikuwa jikoni. Alisikia.

*

Bibi Müzeyyen aliwapokea mlangoni na chai na maneno. Alimtazama Tahsin anayeshusha ndoo, akatazama shati.

"Bwana harusi nimemwona," alisema. "Bibi harusi mmemwacha njiani?"

Tahsin aliinamia ndoo zake. Nesrin akajifanya anahesabu masanduku.

Sebuleni ukuta ulikuwa tayari umepigwa lipu. Fundi Hilmi aliupima, akaupima tena, akapigilia ubao wa kuanzia chini. Tahsin alitumwa uani akachekeche mchanga. Kisha mzee akaomba beseni kubwa, akalijaza maji, akaanza kuvitumbukiza vigae kimoja kimoja.

Nesrin alikuwa anakunjua karatasi ya mchoro. Mikono yake ikasimama.

"Maji ya nini, Baba?"

"Kigae kikavu kina kiu. Ukikibandika hivyo kinanyonya maji yote ya saruji, saruji inabaki vumbi, mwezi ujao kinamwangukia mtu kichwani." Alitumbukiza kingine. "Miaka kumi unachora na hujui. Watu wa brashi hamjui ukuta."

Ni kweli, hakuujua. Alikuwa hajapata kwenda kubandika hata mara moja. Migongo ya vigae ilipokuwa mikavu, mikwaruzo ile ilikuwa imejaa vumbi jeupe, na ungelazimika kuisogeza machoni uione. Lakini alikuwa amewahi kuona jinsi udongo ukilowana unavyokolea rangi na kutoa nje kila mkwaruzo.

Aliomba aifanye yeye kazi hiyo. Baba yake akasema mikono ya kuchorea haiwekwi kwenye saruji. Alisema basi avipange tu. Baba yake akamwambia akae na chai yake, akatandika kitambaa juu ya ubao, akaingiza mkono kwenye beseni na kutoa kigae cha kwanza kilichokutana na vidole vyake. Akakilaza kifudifudi.

Mgongo ulikuwa umeiva rangi ya mkate, na juu yake, kwa mistari myeusi iliyonyooka kama ilivyo mistari yote ya Nesrin, palikuwa na namba kumi na nne, na neno: *nawe*.

Fundi Hilmi alivaa miwani.

Akatoa kingine. Saba: *mkono*. Akatoa kingine. Kumi na moja: *mto*. Kila kimoja alikilaza mahali pake kwa namba, bila haraka, kama anavyofanya kila kitu. *Jiwe*. *Ile*. *Hukutaka*. Cha kumi na nane alikishika muda mrefu kidogo, kwa sababu kilikuwa kimeandikwa *baba*.

Nesrin alibaki ameshika karatasi. Alitazama beseni. Kigae namba moja kilikuwa bado humo, chini kabisa, na kilikuwa na jina. Aliwaza kwamba akijikwaa, beseni likapinduka, kigae kikavunjika, litabaki neno lisilo na mwenyewe. Kisha akakumbuka kwamba namba moja ina ncha ya mwamba wa juu, ule mstari aliourudia siku tatu, na miguu yake ikakataa.

Baba yake akakitoa. Akakilaza. Akasimama mbele ya ubao, mikono inachuruzika maji, midomo yake ikitembea. Halafu akasoma kwa sauti, kwa ile sauti anayosomea oda za wateja.

"Tahsin. Siku ile kwenye maporomoko, uliponishika mkono nivuke jiwe, sikutaka mto uishe. Kama nawe hukutaka, njoo kwa baba yangu." Akagusa cha mwisho kwa kidole. "Kigae cha ishirini hakina neno."

Mlango wa uani ulikuwa wazi. Tahsin alikuwa amesimama hapo na ndoo ya saruji, na haikujulikana amesimama tangu neno gani.

"Weka ndoo chini," alisema Fundi Hilmi. "Funga mlango."

Tahsin akafanya vyote viwili.

Mzee alikaa juu ya sanduku tupu. Hakukasirika, au kama alikasirika, hasira yake ilikuwa mbali bado, inakuja kwa miguu. Alimgeukia binti yake kwanza.

"Kwa nini cha ishirini kiko kitupu?"

"Cha awali kilipasuka tanurini, Baba. Nilichora kingine. Hicho nikakiandika namba tu."

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka."

"Kuandika?"

"Kungoja."

Mzee akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei na kuiona ya haki. Akamgeukia Tahsin.

"Haya uliyasoma lini?"

"Nilipokuwa navipangusa, Fundi. Leo siku ya arobaini na moja."

Nesrin aliinua macho. Alikuwa hajui kwamba kuna mwingine anayehesabu.

"Vilikuwa vimechanganyika," Tahsin aliendelea, taratibu, akitazama ubao na si watu. "Niliyaandika kwenye kijitabu, neno na namba yake. Nilipomaliza nikayapanga."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

"Binti wa watu anakwambia njoo kwa baba yangu. Mimi nilikuwa pale kila siku, hatua ishirini kutoka tanurini. Hukuja."

"Ningekuja siku ile, Fundi ungesema hapana."

"Ningesema hapana."

"Na picha hii ingerudi kwenye rafu."

Fundi Hilmi alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu hata alipoulizwa saa. "Ingerudi," alisema. "Ningemwambia Bibi Müzeyyen imeharibika."

"Ndiyo sababu," Tahsin alisema. "Hii ndiyo kazi yake ya kwanza iliyo yake. Nilisema acha ifike ukutani. Ikishashika saruji, hakuna mtu wa kuitoa, hata Fundi. Halafu nitasema. Nilitaka kusema leo jioni." Aligusa ukosi wa shati lake, ambalo sasa lilikuwa na madoa ya kijivu. "Nilipiga pasi mwenyewe."

"Inaonekana," alisema mzee.

Jikoni Bibi Müzeyyen alikuwa anaimba na sufuria zake.

Nesrin hakujua aweke wapi macho. Siku zote hizo alikuwa amemhesabia Tahsin kila asubuhi aliyopita bila kumsemesha, akaziita kiburi, akaziita woga, mwishoni akaziita hapana. Na kumbe mtu alikuwa anapita hivyo kwa makusudi, amebeba kijitabu kifukoni, analinda miamba yake na majani yake ya kivulini. Alitaka kumwambia kwamba angeweza angalau kukohoa. Alitaka pia kulia, lakini baba yake alikuwepo.

"Fundi," Tahsin alisema, "kile cha ishirini cha kwanza hakikuwa kitupu."

Alitoa leso mfukoni, akaikunjua. Ndani kulikuwa na kipande cha kigae, ukubwa wa kiganja, kimepasuka mshazari. Upande mmoja kulikuwa na weupe wa maji yanapofika chini. Upande wa pili hakukuonekana kitu. Akapiga goti, akakichovya kwenye beseni, akampa mzee.

Herufi zilikuja polepole, zikiiva moja baada ya nyingine. *Nitangoja*.

Fundi Hilmi alikisoma, akakipitisha kwa binti yake. Kilikuwa kinadondosha maji bado. Nesrin alikishika kwa mikono miwili.

"Ijumaa wanakuja watu wa Bursa," mzee alisema, kama anayezungumza na ubao.

"Sikuwaita mimi, Baba."

"Mimi pia sikuwaita." Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la fulana. "Mama yako amekwisha kununua vikombe."

"Vikombe havina kosa," alisema Nesrin.

Mzee alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile pembe ya mdomo wake ilisogea. Halafu akainuka, magoti yakilia, akaenda kwenye ukuta na kugonga ubao wa chini kwa kidole.

"Ninyi mnasoma kutoka juu kuja chini," alisema. "Ukuta husomwa kutoka chini. Kigae cha ishirini ndicho kinachoingia kwanza. Kikikaa vibaya, vyote kumi na tisa vitakaa vibaya juu yake. Na mimi siwezi kuanza kazi na kigae kitupu wakati vingine vyote vinasema." Alinyoosha mkono kwa binti yake. "Sindano."

Nesrin aliichomoa kwenye mfuko wa aproni. Alidhani ataambiwa aandike upya lile neno lake. Lakini baba yake alimpita, akampa Tahsin sindano na kigae.

"Ameuliza yeye. Jibu wewe. Neno moja tu, hakuna nafasi ya hadithi."

Mkono wa Tahsin haukuwa mkono wa mchoraji. Ulikuwa mkono wa kuni na moto, wenye kovu la zamani kwenye dole gumba. Alikaa sakafuni, akakiweka kigae juu ya paja, akakwaruza kwa muda mrefu, ulimi nje kama mtoto wa shule. Alipomaliza alikitumbukiza majini mwenyewe, akakitoa na kumwonyesha mzee.

Herufi zilikuwa zimepinda, mbili kubwa kuliko nyingine. *Nimekuja*.

Fundi Hilmi alizitazama. "Mwandiko mbaya," alisema. Akachukua mwiko, akachota saruji, akaipaka juu ya lile neno mpaka likafunikwa lote, akakibandika kigae kwenye pembe ya chini, akakigonga mara tatu kwa mpini, akaweka pima maji juu yake. Kiputo cha hewa kilitembea, kikasita, kikatulia katikati.

"Lete cha kumi na tisa," alisema.

*

Walifanya kazi mpaka alasiri. Tahsin alikoroga, Nesrin alipokeza vigae, mzee alibandika. Hawakuzungumza zaidi ya lazima. Mara moja tu, walipokutana kwenye beseni, Tahsin alimwambia kwa sauti ya chini kwamba kile kipande amrudishie, ni chake. Nesrin akamjibu kwamba atakipata, ila angoje kidogo, si ameonyesha anajua kungoja. Tahsin akacheka, saruji ikamwagika, na kutoka ukutani ikasikika sauti ya mzee ikisema ndoo ile ina wenyewe.

Miamba ikapanda, na ukungu, na magogo, na katikati ule weupe ambao haukuchorwa. Kigae namba moja kilikuwa cha mwisho, pembe ya juu kushoto. Fundi Hilmi alikishika kifudifudi, akalisoma lile jina tena akiwa peke yake na ukuta, kisha akalipaka saruji kwa mkono mzito na kukisukuma kigae mahali pake.

Aliposhuka ngazi alinawa, akatoka uani na simu. Walimsikia akimwambia mama yake Nesrin kwamba vikombe avitoe vilevile Ijumaa, kahawa anunue ileile, ila watu wa Bursa awaambie wapumzike nyumbani kwao. Atakuja mama mmoja kutoka kijiji cha mlimani na mwanawe. Akasikiliza, halafu akasema ndiyo, huyohuyo wa tanuri. Halafu akasema tena, ndiyo.

Bibi Müzeyyen aliingia na sinia la chai, akasimama mbele ya ukuta. Akasogea, akarudi nyuma, akainama kutazama pembe moja, na nyingine.

"Nzuri," alisema hatimaye. "Mtu anasikia baridi. Ila mafundi wengine huwa wanaandika pembeni, jina au tarehe, mtu akumbuke. Ninyi mbona hamjaandika kitu?"

Fundi Hilmi alikuwa anakwangua mwiko wake. Hakugeuka.

"Tumeandika," alisema.